Tawi la Avoka kwenye Njia ya Lusangi

Kwetu wanasema mudomo wangu unafyeka njia kushinda panga. Sikatai. Ndiyo sababu waliniweka prezida wa komite ya maendeleo ya kijiji. Hawakunichagua juu ya akili, walinichagua juu ya kelele. Pahali watu wanafanya kazi ya bure, kazi ya kwanza ni kuwatoa kitandani, na kwa hiyo Mungu alinipa kipaji.

Lakini niseme jambo moja mbele ya kuendelea: mimi ni mwoga. Niliogopa bunduki tangu ningali mutoto wa kubebwa, na niliogopa vita vyote vilivyopita kwetu, vikubwa na vidogo. Mutu mwenye kelele, ukimuchunguza vizuri, mara nyingi anajaza masikio yake mwenyewe asisikie moyo unavyopiga.

Kijiji chetu kiko kati ya Kasongo na Kabambare. Tunalima mupunga, muhogo na karanga, tunakamua mafuta ya ngazi, ndiyo mawese. Chakula hakikosekani, wa kukinunua ndiye alikosekana. Mupunga ulikuwa unakaa nyumbani mpaka panya wanene, kisha anakuja mutu mumoja na baiskeli, anakunja uso, anataja bei yake, na sisi tunasema ndiyo baba, asante baba. Wakati huo huko Salamabila watu wa zahabu wanakula muchele kila siku na hawalimi hata kitunguu. Wachuuzi wao wanashuka na pikipiki mpaka soko la Lusangi, kila Jumamosi. Sisi kufika Lusangi kwa barabara ni kuzunguka, ni kulala njiani na muzigo. Iko njia ingine ya pori, masaa matatu tu kwa miguu, lakini majani yaliimeza tangu miaka ya vita.

Komite ikasema: tuifungue. Tulikuwa watu saba, hakuna anayelipwa, hata kipande cha sabuni. Tukapiga salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila Jumamosi asubuhi, kila nyumba mutu mumoja na jembe lake. Tulifyeka, tukachimba mifereji, tukalaza magogo juu ya vijito vitatu. Musimu muzima wa jua ulipita mikononi mwetu hivyo. Sekretere wetu, mwalimu wa shule ya msingi, mutu wa pole mwenye kuweka biki yake ya kuandikia nyuma ya sikio, alipenda kutuambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nilikuwa ninamuuliza, "Na kidole chako iko wapi, mwalimu?" Kwa sababu alishika biki kushinda jembe. Watu wanacheka, kazi inaendelea.

Kaye, ile daftari ya majina, niliishika mimi mwenyewe. Kila salongo nilikuwa ninasoma nyumba moja moja, na mwenye kufika anajibu, "Iko." Aliyefika, nukta ya bluu. Asiyefika, musalaba mwekundu, na maneno yangu juu.

Nyumba ya mwisho kabisa, pale njia ya pori inapoacha barabara, ilikuwa ya mugema wa pombe ya ngazi. Misalaba yake ilikuwa mingi. Baba yule alikuwa na habari ya kila Jumamosi: leo nyuki, leo tumbo, leo ameota ndoto mubaya. Siku moja akaja mbio akasema ameona watu wenye bunduki kwenye kijito. Kijiji kizima tukakimbia, tukakaa porini siku mbili na mvua juu yetu, watoto wakashikwa na homa. Tukarudi. Hakukuwa na alama hata ya kiatu kimoja. Jumamosi iliyofuata nilimusimamisha mbele ya watu wote. Nilimwambia, "Baba, siku ingine usiniletee habari. Niletee jembe." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na yeye alicheka, ana kicheko cha puani kama mutu anayepiga chafya. Alikuwa anaangalia miguu yake. Na mimi niliiangalia, nisiangalie uso wake: sandali za plastiki za bluu, ya kuume ukanda wake umefungwa na waya.

Basi, ikafika Jumamosi ile. Watu wa proje moja ya misaada walikuwa wametuma habari kwamba watatoka Kasongo pamoja na wakubwa wa serikali wa teritware, waje waone njia yetu. Wakiipenda, watatusaidia na daraja la saruji kwenye kijito kikubwa, kile ambacho mvua ikinyesha kinabeba magogo yetu. Juma lote sikukaa. Niliwaambia wanawake wa soko: siku hiyo mutaenda Lusangi wote pamoja kwa njia yetu, wageni wakute nyayo mbichi, wajue njia hii inalisha watu. Wakakubali kumi na mumoja. Wa mbele kati yao nikaweka Koko, mama muzee wa kabila la Bangubangu, aliyeifahamu njia hiyo tangu zamani, mbele ya majani kuimeza.

Wa kumi na mbili, wa mwisho niliyemuweka, ni binti yangu, kifungua mimba wangu. Alikuwa na mutoto wa miezi mitano mugongoni.

"Mama, uniache Jumamosi hii," aliniambia. "Mutoto anakohoa."

"Atakohoa hapa, atakohoa kule. Mutoto wa prezida akibaki nyumbani, watoto wa wengine watasema nini?"

"Watasema mutoto wake anakohoa."

"Usinijibu namna hiyo. Unabeba ile beseni yenye kuchorwa maua, inaonekana muzuri."

Akabeba.

Asubuhi ukungu ulikuwa muzito, ule wa kushuka mpaka kwenye magoti. Nilifika wa kwanza pale njia inapogawanyika, nikiwa na panga na hasira ya kazi. Katikati ya njia ya pori, kama hatua kumi kutoka barabarani, nikakuta matawi mawili mabichi yamelazwa moja juu ya lingine, majani yakielekea kwangu, na juu yao majani ya nyasi yamefungwa fundo.

Kwetu hata mutoto anayeanza kutembea anajua maana yake. Tawi bichi lililolazwa njiani ni mudomo wa mutu. Linasema: rudi. Halisemi ni nini kiko mbele, daraja limevunjika, ao muti unataka kuanguka, ao watu wabaya. Linasema rudi tu, na mutu mwenye akili anarudi, hata akiwa na haraka ya kuzika. Mama yangu alinifundisha hiyo mbele hajanifundisha kupika.

Na mimi nililiona tawi lile, nikaliona taka. Nimejiuliza mara nyingi namna gani. Jibu ni moja: asubuhi hiyo sikuwa na macho yangu. Nilikuwa nimeazima macho ya wageni. Niliangalia njia yangu kama vile wao wataiangalia, na nikaona fujo, majani njiani siku ya kupokea watu wakubwa. Nikasema kwa sauti, "Ni nani muvivu huyu?" Nikayainua na mikono yangu hii miwili, nikayatupa kwenye rundo la kuchoma. Fundo la nyasi nilifuta na muguu.

Watu wakafika na majembe. Nilipiga kelele zangu: hapa kwatua, pale sawazisha, ondoeni kila kitu chenye majani! Kisha wanawake wakatokea kwenye ukungu, mizigo kichwani, wakiimba wimbo wa kanisa, na wawili kati yao, Waislamu, wanapiga makofi. Walipita mbele yetu mumoja mumoja. Binti yangu alipita wa mwisho na beseni yake ya maua. Hakuniangalia. Nilisikia mutoto akikohoa, kisha ukungu ukawafunga.

Niliwapigia vigelegele. Mungu anisamehe, niliwapigia vigelegele.

Baadaye nikafungua kaye, nikasoma majina. Kwenye jina la mugema, kimya. Mutu mumoja akasema, "Leo ameona simba!" Tukacheka. Nikaweka musalaba mwekundu, nikauweka na nguvu mpaka biki ikatoboa karatasi.

Jua lilipotoka tulikaa kupumzika. Wageni walikuwa hawajafika. Nilijipangusa jasho usoni na kiganja, na hapo nikasikia harufu mikononi mwangu. Harufu ya majani ya avoka, ile parachichi. Nilinusa tena. Ninaijua harufu hiyo, mama yangu alikuwa anatuchemshia majani yake tukishikwa na kikohozi. Nikaangalia huku na huku. Pale penye njia hakuna muti wa avoka. Porini hakuna. Avoka iko moja tu upande ule wa kijiji, nyuma ya nyumba ya mugema.

Mutu hakati tawi la avoka yake, yenye kuzaa, alitupe njiani bure.

Nilisimama. Nilikwenda kwenye rundo, nikafukua. Niliyatoa yale matawi mawili. Yalikatwa na panga, pigo moja moja, mabichi kabisa, ya asubuhi ile ile. Watu wote waliyaona mikononi mwangu na waliyasoma. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Yalikuwa wapi?" sekretere akauliza.

"Njiani."

"Nani aliyatoa?"

Nilikimbia mpaka nyumba ya mugema. Muke wake alikuwa anatwanga sombe ya majani ya muhogo nyuma ya nyumba, chini ya avoka yenyewe, na kwenye shina kulikuwa na vidonda viwili vyeupe. Nilimuuliza bwana wake iko wapi. Aliacha muchi ndani ya kinu, akapangusa mikono kwenye kikwembe kiunoni, akaona haya.

"Mama Prezida, usimupige tena musalaba. Alitoka mapema kwenda kugema. Akarudi mbio, hana pumzi, akakata matawi. Aliniambia nisitoke leo. Akasema kijito kikubwa kiko na watu, na yeye anazunguka kwa kilima afike upande wa Lusangi, awazuie watu wa soko wanaotoka kule."

"Na juu ya nini hakuniambia mimi?"

Alishika tena muchi.

"Nilimwambia: nenda umwambie Mama Prezida. Akasema, 'Mama Prezida hatanisikia. Tawi atalisikia.'" Akaniangalia, akaogopa uso wangu. "Mimi, ukweli, nilifikiri anakimbia salongo tu. Ni ile desturi yake."

Sijui nilirudi namna gani barabarani. Ninakumbuka kwamba nilisema na watu kwa sauti ya chini, "Kila mutu achukue watoto wake, aende kwenye mashamba ya mbali. Bila kelele." Ndiyo amri ya pekee niliyopata kuitoa bila kupiga makelele, na walitii wote, hata wale ambao hawatii kitu. Walinigeuzia mugongo na majembe yao, na njia ikabaki tupu na safi, safi kama meza.

Sekretere alisema, "Mama, tungoje wageni. Wanakuja na askari."

"Ungoje wewe. Binti yangu hana saa ya kungoja."

Niliingia njiani. Nyuma yangu nikasikia hatua. Mwalimu alikuwa amevua viatu. Alitoa biki nyuma ya sikio, akaitia mufukoni, kama mutu anayeingia kanisani anavyovua kofia.

Tulitembea mbio, kisha tulitembea polepole, kwa sababu kila muti ulikuwa mutu. Ninasema ukweli wangu: nilijikojolea. Sikusimama, niliendelea hivyo hivyo, na kikwembe kikaninata mapajani. Mudomo wangu huu uliosifiwa ulikauka mpaka ulimi ukashikamana na meno. Nilikuwa ninaomba, na maombi yalichanganyikana. Baba Yetu ikaingia ndani ya Salamu Maria, na katikati nilisikia nikisema, mutoto anakohoa, mutoto anakohoa. Njia yenyewe ilinichukiza. Tuliifanya ya wazi, ya kunyooka, na sasa mutu yeyote anayesimama mbele angetuona tangu mbali. Nilitamani majani yote niliyoyafyeka musimu ule.

Kijito cha kwanza tulivuka. Kijito cha pili tulivuka. Tulipokaribia cha tatu, kile kikubwa, njia inapinda. Pale inapopinda tukakuta mizigo.

Ilikuwa chini, katikati ya njia, kwa mustari. Magunia ya muchele, bidoni za mafuta, vikapu vya karanga, kila muzigo na kata yake juu. Niliihesabu, kumi na mbili. Ya mwisho ilikuwa beseni ya maua. Hakuna mutu. Hakuna nyayo za kukimbia, hakuna kitu kilichomwagika. Mizigo imepangwa tu kama kwenye mulango wa soko.

Nilifungua mudomo nimuite binti yangu. Mukono ukatoka kwenye majani, ukanishika kifundo cha muguu, ukanivuta. Nilianguka chini na tumbo. Mwalimu alivutwa nyuma yangu. Alikuwa Koko. Alinipiga kofi mudomoni, kofi la kweli, kisha akaacha kiganja chake pale pale.

Walikuwa wote ndani ya majani, wamelala, kumi na wawili. Binti yangu alikuwa karibu yangu, mutoto chini ya kifua chake, ziwa mudomoni. Macho yake yalikuwa wazi na hayakunisalimia.

Koko alinisemea sikioni, pumzi tu. Tangu kijijini hawakukutana na mutu hata mumoja. Siku ya soko, saa hiyo, watu wa upande wa Lusangi wanaoleta samaki na chumvi kwetu wangepaswa kuwa wameshapishana nao. Njia wazi, siku ya soko, na hakuna mutu anayekuja? "Njia hii iko na kidonda mbele," alisema. Ndipo akawaamuru waingie majani.

"Na mizigo?" nilimuuliza kwa midomo tu.

"Nimeiacha wapate cha kuchukua. Wakipata mali hawatafuti mwenyewe."

Sijui mutu anapata wapi akili ya namna hiyo, ila kwa kuishi sana na hofu. Basi tukalala. Siafu walinipanda shingoni na niliwaacha wanile.

Walikuja. Kwanza nilisikia bidoni tupu zikigongana, kisha sauti za wanaume wanaosema bila haraka. Kwa pale nilipolala sikuona nyuso, niliona miguu tu, chini ya majani. Buti za mupira. Buti za mupira. Viatu vya kitambaa bila kamba. Kisha miguu ya watu waliokamatwa na kubebeshwa mizigo, imelemewa, ikikanyaga ndani ndani. Na kati ya hiyo, sandali za plastiki za bluu, ya kuume imefungwa na waya.

Mugema alifanya kile alichosema. Alizunguka kilima, aliwazuia watu wa Lusangi, na ndiyo sababu njia ilikuwa tupu. Wakamukamata akiwa anarudi kwetu.

Miguu yote ikasimama mbele ya mizigo.

"Wenye hivi wako wapi?" sauti moja ikauliza.

Nilisikia kishindo, mutu amepigwa, na zile sandali zikayumba.

"Wewe, mutu wa hapa. Nimeuliza. Wenyewe wako wapi?"

"Walirudi mbio, shefu." Alisema kwa nguvu, kwa nguvu sana, kama mutu anayesema na kiziwi. "Wale ni wanawake wa kijiji. Saa hii wamefika zamani. Na leo kijijini kuna wageni wa serikali, wamekuja na askari wengi. Salongo yote hii ilikuwa juu yao. Angalieni njia vile iko safi!"

Wakati huo mutoto alikohoa. Mara moja, kikohozi kidogo, chenye maziwa ndani. Binti yangu alimukandamiza kifuani na uso wake wote ukakunjamana. Buti moja iligeuka kwetu. Niliona udongo mwekundu kwenye kisigino chake. Nilitaka kufa mimi wa kwanza, nisione.

"Nini ile?"

"Kima, shefu," mugema akasema. "Hapa ni fasi yao. Wanatucheka." Na akacheka, kile kicheko chake cha puani, kirefu, chenye kelele, kikafunika kila kitu. Nilikijua. Ni kicheko kile kile cha siku za nyuki na tumbo na ndoto mubaya. Huyu mutu nilimuita muongo mbele ya kijiji kizima, na sasa alikuwa anadanganya juu ya maisha ya binti yangu, na nilimuomba Mungu amusaidie adanganye vizuri.

Buti ilibaki pale. Kisha mutu mumoja akasema maneno juu ya wale askari, mwingine akatukana, na wakaanza kugawa mizigo yetu kwenye vichwa vya waliokamatwa. Muguu wa kuume wenye waya ulizama kwenye udongo, wakimuongezea. Niliona beseni ya maua ikiinuka. Walimupa yeye.

Wakaenda. Hawakuenda upande wa kijiji, walirudi, wakavuka magogo yetu, yale tuliyoyalaza kwa mikono yetu, na nilisikia gogo moja moja likilia chini yao mpaka la mwisho.

Tulibaki chini mpaka jua lilipoinama. Tulirudi kwa kuacha njia, ndani ya majani, Koko mbele. Karibu na mashamba, binti yangu alisema neno la kwanza, "Mama, hukuona kitu njiani asubuhi?"

Nilimwambia ukweli. "Niliona. Nilitupa mimi."

Alimuhamisha mutoto bega lingine, akaendelea. Tangu siku ile hajanipa tena mutoto wake mugongoni mwangu bila kuniangalia kwanza kwa muda murefu, na ninamupa haki.

Wageni hawakufika siku ile, gari lao liliharibika njiani. Walikuja nyuma ya juma mbili, wakaangalia, wakapiga picha. Mukubwa wao akanishika mukono akasema hajaona bado njia safi namna hiyo, komite yangu ni mufano. Nilisema asante. Nilikwenda nyuma ya kanisa nikatapika.

Tumetuma habari ya mugema kila pahali, kwa watu wa Kabambare, kwa wachuuzi wa Salamabila, kwa wavuvi wanaoteremka mpaka Nyangwe. Wale wengine waliokamatwa naye, wawili walitoroka wakarudi. Walisema waliachana naye juu ya kilima kimoja, akiwa angali na beseni kichwani, akichechemea. Ukanda wa sandali ulikuwa umekatika. Zaidi hawajui. Imepita misimu miwili ya mupunga.

Komite haikufa. Nilitaka kuacha, wakakataa. Wakasema prezida anayejua kuogopa ni bora kushinda yule asiyejua. Wanawake wanakwenda Lusangi tena, lakini Koko ndiye anayefungua njia kila Jumamosi. Anaenda mbele peke yake na fimbo yake mpaka kijito cha kwanza, anaangalia chini, anarudi, ndipo wanawake wanatoka na salongo inaanza. Mupunga wetu unauzwa. Nyumba tatu zimepata mabati. Watu wananipongeza, na mimi ninainamisha macho nisiangalie mabati hayo.

Jumamosi ya kwanza baada ya mambo yale, nilisimama mbele yao wote, nikawaambia kwamba ni mimi niliyetoa tawi, si mwingine. Sikulia. Kisha nilifungua kaye kwa sababu mikono ilikosa kazi, nikaanza kusoma majina. Nilifika mwisho wa ukurasa. Jina lake liko pale, na karibu nalo ule musalaba mwekundu uliotoboa karatasi. Nilitaka kuliruka. Niliogopa kulisoma, na niliogopa zaidi kuliruka, kwa sababu mutu ukimuruka kwenye kaye umemuzika. Nikalisoma, sauti yangu ikawa ndogo kama ya mugonjwa.

Nyuma ya watu, muke wake aliinua jembe la bwana wake juu ya vichwa.

"Iko," akasema.

Mpaka leo, kila Jumamosi, ninalisoma, na yeye anajibu hivyo hivyo. Kila Jumamosi, mbele ya jibu lake, iko nafasi ndogo ya kimya, na katika nafasi ile ninaogopa kushinda siku nilipolala kwenye majani, nikifikiri labda leo amechoka, leo hatajibu. Kisha anajibu. Na mimi ninainama juu ya kaye, ninaweka nukta ya bluu.